Baba Kitunga wa Ziwa Kamusenga

Siku alipozikwa mzee Bulaimu, Mwenyezi Mungu amsamehe na ampe nafasi pana, wanawake walisimama kando ya ukuta wa ua, kama ilivyo desturi, wakalitazama jeneza likitoka. Mmoja wao alikuwa Mado, mama wa Kikristo wa pale kijijini, aliyekuja na msalaba wake shingoni na kulia toka asubuhi kama mtoto wa nyumba. Jeneza lilipompita alisema, kwa sauti ya mtu anayeagana na jirani njiani, "Nenda salama, Baba Kitunga."

Jamaa waliotoka Kasongo mjini waliinamisha macho. Jina hilo walilichukia. Watoto wa nyumba ile walichapwa kwa kulitamka, na wageni walioliuliza walijibiwa kwamba ni utani wa zamani. Kitunga ni kikapu cha wanawake cha kuvulia samaki, na mwanamume, tena mwadhini wa msikiti, akiitwa baba wa kitunga, hiyo si sifa. Lakini marehemu mwenyewe aliliitikia kila lilipoitwa, mbele ya yeyote yule, na hakuwahi kumkemea mtu. Alipata kuwaambia wanawe kwamba jina lile ni halali yake na hawezi kulikana. Basi na lielezwe, maana yeye sasa yuko mahali ambapo kila kitu kimekwisha kujulikana.

Kwa upande wa baba, Bulaimu alikuwa wa watu wa Kasongo, wale ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Kwa upande wa mama alikuwa Mbangubangu, kabila la wenyeji wa pale, na huko ndiko alikoipata kamba ya kufungia ziwa. Kaskazini ya njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, mto Luama ulibadilisha njia yake zamani, ukaacha nyuma ziwa dogo liitwalo Kamusenga. Ni dogo hasa. Mtu akikuita kutoka ng'ambo, unaitika bila kupaza sauti. Maji mapya huingia mwaka ule tu Luama inapofurika sana. Miaka mingine ziwa hukaa peke yake na samaki wake, kama watu waliofungiwa uani.

Ukoo wa mama yake Bulaimu ndio uliolinda ziwa lile. Mvua za kwanza zikianguka, mwenye kamba alisuka makuti ya michikichi na kuyafunga toka mti hadi mti, pale watu wanapoteremkia majini. Kuanzia hapo hakuna kuvua. Kiangazi kikikomaa na maji yakishuka, alichagua asubuhi moja akaikata kamba kwa panga, na wanawake wakaingia kwanza, mstari mmoja, bega kwa bega, wakikanyaga tope na kuzamisha vitunga vyao. Wanaume walisimama ukingoni na mikuki wakiwangoja kambale wakubwa wanaokimbia miguu ya wanawake. Mwanamume hakushika kitunga. Aliyelazimika kumbebea mkewe njiani alikificha chini ya mzigo wa kuni.

Siku ya kukata kamba ilikuwa ya mwenye kamba kuchagua. Mwaka haukuwa wake. Kila kiangazi ziwa lilifunguliwa, liwe na samaki wengi au wachache. Hakuna aliyeiita sheria, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kufanya vingine, mpaka zamu ilipomfikia Bulaimu.

Ilikuwa wakati ule Wabelgiji walipotaka kila kijiji kichimbe mabwawa ya samaki. Monitère, yaani mwalimu, wa kilimo, kijana aitwaye Zéphirin, ambaye kaputula yake ilikuwa na mstari wa pasi hata porini, alifika na kamyo, lori la serikali, na nyuma ya kamyo pipa lenye tilapia wadogo. Aliwakusanya watu kando ya bwawa jipya akawafundisha.

"Kwanza, muondoe kambale wote. Kambale anakula watoto wa tilapia. Pili, wakikomaa, muvue, tena muvue kila mara. Musiwaache wajazane."

Bulaimu alikuwa amesimama mbele. Lile neno la kwanza lilimpendeza sana, akawa bado analigeuza kichwani wakati la pili linasemwa. Watu walipotawanyika alimfuata Zéphirin na kumwomba tilapia kidogo wa kutia Kamusenga.

"Kule ni ziwa, mzee, si bwawa," Zéphirin akasema.

"Samaki ni samaki."

Kijana akacheka, akamjazia debe.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, na ziwa likapungua mpaka migongo ya kambale ikaonekana kwenye tope. Bulaimu aliwaongoza wanaume kwa mikuki na ndoana, wakawatoa kambale wote, wakubwa kwa wadogo. Kijiji kilikula kambale mpaka kikachoka. Halafu mvua zikaja, akafunga kamba, na moyoni mwake akaanza kuiona siku moja ambayo wanawake wa soko la Kasongo watainua samaki mpana kama sahani na kusema, huyu ametoka Kamusenga kwa Bulaimu.

Kiangazi kilichofuata wanawake walikuja na vitunga vyao, wakamkuta amesimama mbele ya kamba bila panga.

"Bado," akasema. "Iko watoto. Mutavua watoto?"

Marcelline, bibi-arusi mpya ambaye mdomo wake ulikuwa umekwisha kujulikana kijiji kizima, akaweka kitunga chini, akamwita Bulaimu kwa jina la mwanawe. "Baba Abedi, kamba hii umefunga samaki ao umefunga sisi?"

"Subira, mwanangu."

"Subira natia ndani ya chungu na chumvi?"

Wanawake walicheka, naye akacheka nao, wakarudi nyumbani. Ijumaa ile, baada ya sala, aliwazungumzia watu juu ya subira, na alizungumza vizuri, kwa sababu alikuwa na sauti ambayo watu walipenda kuisikiliza. Kiangazi cha pili akasema tena bado. Hapo hawakucheka. Majumbani sombe, mboga ya majani ya mihogo, ililiwa tupu, au na samaki mkavu wa wachuuzi, na si kila nyumba iliyoweza kumnunua.

Kiangazi cha tatu alizunguka ziwa peke yake akiangalia maji. Samaki walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona maishani. Maji yalichemka kwa wingi wao. Lakini kila alipotazama, hakuna aliyezidi kidole. Alikaa juu ya gogo akafikiri, na jibu lililokuja ni lile ambalo humjia upesi mtu anayejipenda. Kuna mwizi. Mtu anawachukua wakubwa na kuacha wadogo.

Akaanza kuwinda. Alfajiri alipomaliza kuadhini na kusali, hakurudi nyumbani. Aliteremka ziwani kwa njia ya nyuma, kanzu ameikunja kiunoni. Na asubuhi moja, upande wenye matete, alimkuta mwanamke amesimama ndani ya maji mpaka magotini, na kitunga mkononi.

Alikuwa Victorine, mjane wa katekista. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba moja la mihogo. Binti yake Régina alifariki kwa uzazi na kumwachia mjukuu, na mjukuu huyo ndiye Mado. Miezi ile nywele za mtoto zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, na miguu yake ilikuwa imevimba. Kila mtu aliona, Bulaimu pia.

"Mama Régina."

Hakushtuka wala hakuangusha kitunga. "Baba Abedi. Leo umetembea mbali."

"Iko nini ndani?"

"Unaona mwenyewe."

Aliona. Konzi moja ya samaki wadogo, wakirukaruka.

"Wakubwa umepeleka wapi?"

"Wakubwa gani? Miye sijaona mukubwa hapa toka munamaliza kambale."

"Usinifanye mujinga, Mama Régina."

"Sikufanyi kitu. Mutoto iko mugonjwa. Masista wamesema apate samaki."

"Ungekuja kuomba."

"Nilikuja," Victorine akasema. "Ulisema subira."

Ilikuwa kweli. Alikuja mwezi uliopita, amembeba mtoto mgongoni, na Bulaimu alimjibu bila hata kusimama kwenye mkeka. Alilikumbuka sasa, na kukumbuka kule kukamtia hasira zaidi ya samaki wenyewe. Akampokonya kitunga na kupanda nacho kijijini, maji yakidondoka nyuma yake njia nzima.

Baraza la chefu, mtawala wa eneo lile, lilikaa. Bulaimu alisimama na kusema vizuri, kama siku zote. Alisema juu ya mali ya wote na mkono wa mmoja. Alisema juu ya viangazi viwili vya kungoja, na juu ya watoto wa kila nyumba walionyimwa ili mmoja ale. Watu waliokula sombe tupu walikuwa wamebeba hasira bila kujua waitue wapi, na sasa wakaonyeshwa mahali. Victorine aliulizwa kama alivua wakati wa kamba. Akasema ndiyo. Aliulizwa wako wapi wale wakubwa. Akasema hakuna wakubwa. Watu wakaguna, na mmoja akasema kwamba mwizi siku zote hula mifupa pia.

Hukumu ilikuwa afyeke majani ya uwanja wa baraza mpaka uwe safi, asikanyage tena ziwani, na vitunga vyake vichomwe. Vilikuwa viwili. Kile cha asubuhi ile kilikuwa bado na maji ya ziwa, kikatoa moshi mwingi kuliko moto, na Victorine aliamriwa asimame hapo mpaka kiishe. Alikohoa sana. Siku zilizofuata alifyeka, mwanamke wa makamo yale, ameinama juani, na Mado akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa baraza na miguu yake iliyovimba, akisikia wapita njia wanavyomwita bibi yake mwizi. Bulaimu alipita hapo akienda sokoni. Aligeuza uso upande wa pili, akajifanya anatazama mashamba ya pamba.

Mwizi amekwisha kupatikana, basi haikubaki sababu ya kungoja. Bulaimu alitangaza siku ya kukata kamba, na safari hii alialika. Walikuja watu toka Wamaza jirani, walikuja wakwe zake toka Kasongo, akaja chefu mwenyewe na baiskeli yake. Mkewe Faida aliuliza kama achinje walau kuku kwa ajili ya wageni.

"Kuku ya nini?" akasema. "Leo watakula samaki mpaka waseme basi."

Alivaa kanzu nyeupe. Alisoma dua. Panga likapita kwenye makuti, kamba ikaanguka majini, na wanawake wakaingia kwa vigelegele.

Vitunga vilipoinuliwa mara ya kwanza vilikuwa vimejaa, na vigelegele vikazidi. Halafu vikapungua. Halafu pakawa kimya, isipokuwa kelele ya samaki wenyewe wakipigapiga ndani ya vikapu.

Marcelline akaja ukingoni, akamfungulia kitunga chake mbele ya wageni wote. "Baba Abedi, hii iko samaki ao iko dagaa?"

Wageni wa Wamaza wakacheka. Mwanamume mmoja wa kijiji akaegemeza mkuki wake mtini. "Miye nilileta mukuki," akasema. "Kumbe nilipashwa kuleta sindano."

"Wakubwa wako katikati," Bulaimu akasema. "Ingieni katikati."

Waliingia katikati, maji yakafika kifuani. Ilikuwa vile vile. Upande wa matete vile vile.

Akatia mkono ndani ya kitunga cha Marcelline na kumtoa samaki mmoja, urefu wa kidole. Yule samaki akafungua kinywa, na kutoka kinywani yakamwagika kwenye kiganja cha Bulaimu makumi ya vitu vidogo kama ufuta, vyenye macho. Alijua ni nini. Zéphirin alikuwa amewaonyesha siku ile ya pipa, kwamba tilapia jike huwaficha watoto wake kinywani. Samaki huyu wa kidole alikuwa mama. Akamshika mwingine, akamminya tumbo, yakatoka mayai ya manjano. Akamshika wa tatu. Wote walikuwa watu wazima. Wengine pengine walikuwa mabibi.

Hapo ndipo akili yake ilipofunguka, na ilifunguka yote kwa pamoja. Hakuna aliyewachukua wakubwa, kwa sababu wakubwa hawakupata kuwako. Walizaliana katika maji madogo, wakazaliana tena, chakula hakikuwatosha, na hapakuwa na wa kuwapunguza. Kambale aliwatoa yeye. Vitunga alivizuia yeye. Ile nusu ya pili ya maneno ya Zéphirin ikaja sikioni mwake kana kwamba inasemwa sasa hivi nyuma yake, na baada yake sauti nyingine, ya mwanamke aliyesimama majini. Wakubwa gani?

Chefu alikuwa karibu naye. "Bulaimu," akauliza, "nini imepata ziwa yako?"

Watu wote walisogea wamsikilize. Wakwe zake walikuwa pale. Kanzu yake ilikuwa nyeupe. Mkononi mwake wale watoto wa samaki walikuwa bado wanatikisika, na jibu alikuwa nalo mdomoni, tayari. Akafumba mkono.

"Wizi, chefu," akasema. "Walimaliza wakubwa wote."

Chefu akatikisa kichwa kwa huruma. Mtu mmoja akalitaja jina la Victorine na kutema mate. Bulaimu aliufungua mkono wake baadaye, peke yake nyuma ya mti, akawakuta wote wamekufa, wamegandamana kwenye mistari ya kiganja.

Alfajiri iliyofuata alisimama nje ya msikiti, akaweka mikono masikioni. Alipofika pale mwadhini anaposhuhudia, sauti ikakatika. Si kwamba alilia. Neno la kushuhudia halikutoka tu. Aliyekuwa karibu akamalizia. Bulaimu akawaambia watu ana kikohozi, na tangu siku ile mwingine akawa anaadhini, mtu mwenye sauti kavu ya kukwaruza.

"Kikohozi gani hiki kisichokohoa?" Faida akamwuliza. Alikuwa amempikia wale samaki wadogo kwa mawese, naye alikuwa hajagusa. Siku nyingi alikuwa hagusi.

Ndipo akamwambia. Alimwambia habari ya mama wa samaki, na ya mkono aliofumba. Faida alisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha chungu. Mumewe alipomaliza, alikirudisha kifuniko mahali pake.

"Umeniambia miye," akasema. "Miye siye nilifyeka majani."

Hakumwambia kitu ambacho hakukijua. Bulaimu mwenyewe alikuwa akiwafundisha watoto wa kijiji kwamba kosa lililo baina ya mja na Mola wake, Mola humsamehe akitubu, lakini haki ya mtu hubaki kwa mwenyewe mpaka aiachie. Alikuwa amelisema hilo miaka mingi, kama mtu anayewasomea wengine njia ya kwenda mji ambao yeye mwenyewe hajapata kwenda.

Alasiri moja akavuka lile shamba la mihogo. Victorine alikuwa anatwanga sombe uani. Bulaimu alisimama, kwa sababu hakuambiwa aketi, na akasema yote. Mchi uliendelea kupanda na kushuka.

"Nani mwingine amesikia maneno haya?" Victorine akauliza mwishoni.

"Faida."

"Na kuku yangu." Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Kule baraza tulikuwa watu wangapi, Baba Abedi?"

"Wengi."

"Basi."

Mtoto Mado alichungulia mlangoni. Masista walikuwa wanampa maziwa, na uso ulianza kurudi kuwa wa mtoto, ila miguu bado. Bulaimu akamtazama, halafu akatazama chini.

"Unataka nifanye nini, Mama Régina?"

"Miye sitaki kitu kwako. Kitunga changu mulichoma, ile tu ndiyo ninajua."

Alirudi nyumbani na maneno hayo. Asubuhi yake aliingia porini akakata kamba za miti, akazipasua, akakaa mbele ya nyumba yake, kando kabisa ya njia ambayo watu wote hupita kwenda msikitini, sokoni na mashambani. Akaanza kusuka kitunga.

Alijua kusuka makuti. Kitunga ni kazi nyingine, na kilimshinda, akafumua, akaanza tena. Wa kwanza kupita alikuwa yule jamaa wa mkuki.

"Mwadhini, unasuka nini?"

Yule mtu alikuwa amekwisha kupita hatua kadhaa Bulaimu alipomwita arudi.

"Ninasuka kitunga cha Mama Régina," akasema. "Hakuchukua samaki wakubwa. Wakubwa hawakuwako. Niliwamaliza kambale, nikafunga ziwa, samaki wakadumaa. Nilijua siku ile pale ziwani, na nilisema uongo mbele ya chefu."

Yule mtu alimtazama kama anayetazama mgonjwa wa homa, akaenda zake. Akapita mwingine, naye akauliza, akajibiwa maneno yale yale. Alasiri watu walianza kupita bila safari yoyote, ili wasikie tu. Marcelline alipita mara mbili na mara zote mbili aliuliza, na mara zote mbili alijibiwa. Kitunga kilipokwisha kilikuwa kimepinda upande mmoja, na hapakubaki mtu ambaye hajaambiwa, ila chefu. Bulaimu akakibeba kitunga kile hadi baraza, akasema tena, pale pale penye alama nyeusi ya moto.

Chefu alikasirika, si kwa ajili ya Victorine sana, bali kwa kufanywa mjinga mbele ya watu wa Wamaza. Aliwaita wazee wa ukoo wa mama, nao wakasema kwamba kamba haiwezi kukaa kwa mtu kama huyo. Wakampa binamu yake. Bulaimu hakutetea neno. Kamba ile aliipokea kwa mjomba wake, na mjomba kwa mjomba, na mikononi mwake ndimo ilimokatikia. Hilo lilimuuma mpaka kufa, na hakulificha.

Binamu aliliacha ziwa wazi kiangazi kile chote, ili wanawake wawapunguze samaki. Asubuhi ya kwanza Bulaimu alikwenda na kitunga kilichopinda, akakiweka miguuni pa Victorine, akarudi nyuma kusimama na wanaume. Victorine alikigeuza huku na huku. Akaingia majini nacho, akakizamisha, akakiinua, maji yakatoka, na samaki nao wakatoka kwenye ule upande uliopinda.

"Baba Abedi," akaita toka majini, mbele ya wote. "Njoo ushike mwenyewe, uone umenisukia nini."

Bulaimu akavua viatu. Aliikunja kanzu, akaingia, tope likamshika miguu, na wanawake wakasogea kumpa nafasi mwishoni mwa mstari, pale wanaposimama wasichana wanaojifunza. Akapokea kitunga. Kicheko kilianzia ukingoni kikazunguka ziwa lote, na Kamusenga ni dogo, hakuna aliyekikosa.

"Shusha," Victorine akasema. "Chini kabisa. Kanyaga na mguu. Weye unainua mbio. Ziwa ulifunga miaka, na kitunga huwezi kushikilia kidogo?"

Akashusha. Akakosa. Akashusha tena. Marcelline ndiye aliyemwita Baba Kitunga, mara ya kwanza siku ile, na mstari mzima wa wanawake ukaitikia, naye alikuwa ameinama majini, uso karibu na maji, machozi na jasho havitofautiani.

Jua lilipopanda walitoka na kugawa. Victorine alimwekea Bulaimu fungu lake kwenye jani la mgomba, sawa na fungu la kila mwanamke wa mstari, si zaidi. Alipomkabidhi alisema, kwa sauti ndogo ambayo Faida tu ndiye aliyeisikia kwa kuwa alikuwa karibu:

"Kesho asubuhi nisikie sauti yako. Yule mwingine ananiamusha vibaya."

Bulaimu alipanda kijijini na kitunga kichwani, bila kuni za kukificha. Miaka miwili baadaye Luama ilifurika ikaleta kambale, na siku hizi ziwa lina samaki wa kutosha chungu. Lakini yeye, mpaka uzee wake, kila alipotaka kula samaki aliufungua kwanza mkono wake wa kulia akautazama, halafu ndipo aseme Bismillahi. Watoto walidhani ni desturi ya watu wa zamani.

Basi alfajiri iliyofuata siku ile ya kitunga, alisimama nje ya msikiti na mikono masikioni. Ng'ambo ya shamba la mihogo, moto wa jikoni kwa Victorine ulikuwa umekwisha kuwashwa. Alipofika penye kushuhudia alisimama, watu wakadhani sauti imekatika tena. Halafu akaendelea, kwa sauti iliyokuwa chini kuliko ile ya zamani, na ikabaki chini hivyo hivyo hadi mwisho wa maisha yake.